Trei ya kioo imenipasukia ndani ya oveni, tuelezane vizuri kuhusu hivi vyombo

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Jana jioni trei ya kioo imenipasukia na nyama yote ndani, leo asubuhi bado naokota vipande chini ya friji, kwahiyo nimeona nilete hapa tuongee mana nahisi wengi tunatumia hivi vyombo kila siku na hatujui vinataka nini.

Ilikuwa hivi. Nyama ilishakaa kwenye oveni kama saa zima, digrii 200, nikafungua mlango nikakuta mchuzi umekauka kabisa na kona moja imeanza kushika. Nikasema ngoja niongeze maji kidogo. Nikachota kikombe bombani, nikavuta wavu nje nusu, nikamimina pale pale kwenye ile kona iliyokauka. Maji yalipogusa tu yakatoa ule mlio wa chuma cha moto kikitumbukizwa kwenye ndoo, mvuke ukapanda, nikageuza uso pembeni kuukwepa, na hapo hapo PAA! Sio ufa jamani, sio kukatika vipande viwili, trei nzima imesambaratika, vipande vingine vimeruka mpaka upande wa pili wa jiko na vingine vimeangukia chini ya oveni kwenye koili zinazowaka na vikaanza kulia tik tik tik kama dakika kumi hivi.

Mkono umechubuka kidogo, macho yamepona kwa vile nilikuwa nakwepa mvuke. Ila mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu peku peku anasubiri chakula, na hilo ndo limenikosesha usingizi.

Sasa swali langu. Chini ya ile trei imeandikwa kabisa kwamba ni ya oveni. Kama ni ya oveni imepasukaje ndani ya oveni?

nyumba_ya_unga

Pole sana mkuu, na mtoto mshukuru Mungu. Nyama umeitupa? Usije ukasema umeichagua ukaiosha ukala, tafadhali.

Mleta uzi

Nimetupa yote. Iliniuma ila nimetupa.

kisu_kikali

Hiyo itakuwa feki tu mkuu. Mimi ninayo ya kioo zaidi ya miaka kumi, naipikia kila wiki, haijawahi hata kulia. Vya siku hizi hovyo.

mwl_wa_maabara

Pole mkuu. Ndugu kisu_kikali, inaweza isiwe feki kabisa, kwa maelezo aliyotoa hata trei nzuri ingeweza kupasuka. Mimi nafundisha fizikia na nimevunja vyombo vya kioo vya maabara vya kutosha, ngoja nieleze taratibu.

Kioo hakisumbuliwi na joto lenyewe. Digrii 200 kwa kioo ni kitu kidogo sana, kinalainika kwenye mamia mengi ya digrii huko juu. Kinachokiua ni sehemu moja kuwa ya moto na sehemu ya jirani kuwa ya baridi kwa wakati mmoja. Kitu kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa. Chuma nacho ni hivo hivo ila chuma kina mambo mawili yanayokisaidia: kinapitisha joto haraka kwahiyo trei nzima inakaribiana joto, na pia kinaweza kupinda kidogo bila kukatika. Aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko kioo. Kioo ukikichoma kona moja, kona nyingine haina habari kwa muda mrefu, na hakijui kupinda, kinajua kukaa au kupasuka, basi.

Sasa tazama alichofanya mwenzetu. Trei yote iko kwenye digrii karibu 200, maji ya bomba yana digrii ishirini na kitu. Yale maji yakagusa ngozi ya juu ya kioo pale konani, ngozi ikataka kusinyaa ghafla, lakini kioo cha chini yake bado ni cha moto na kimetanuka, hakikubali. Kwahiyo ile ngozi inavutwa kama ngoma. Na kioo ukikikandamiza kinavumilia sana, ila ukikivuta ni dhaifu mno, kinatafuta mkwaruzo wowote ule mdogo na ufa unaanzia hapo. Ndo mana kupoza ghafla ni hatari kuliko kupasha ghafla. Ukipasha, ngozi inataka kutanuka, inajikandamiza, kioo kinavumilia. Ukipoza, inavutika.

Mleta uzi

Mwalimu nimekuelewa ila hapa naomba unisaidie. Nikitoa trei kabatini ina digrii ishirini na kitu nikaiingiza kwenye oveni ya digrii 200 haipasuki. Tofauti si ni ile ile tu?

mwl_wa_maabara

Swali zuri sana. Fungua oveni ya moto ingiza mkono humo hewani bila kugusa kitu, sekunde mbili tatu unahisi joto kali ila huungui. Sasa maji yanayochemka ni digrii 100 tu, nusu ya ile hewa, tia kidole uone. Hewa inapeleka joto polepole, maji yanalipeleka au kulinyonya kwa kasi sana. Trei ikiingia kwenye hewa ya moto inapata muda wa kupanda yote pamoja. Ikikutana na maji haipati huo muda. Kwahiyo ukitaka kujua kama jambo fulani litavunja chombo chako, usiangalie digrii peke yake, uliza ni kitu gani kinagusa kioo: hewa, maji, chuma, au kitambaa kibichi.

bibi_keki

Huo unyevu wa kitambaa kibichi ndo ulinifanyia mimi. Nilitoa bakuli la kioo lina viazi na jibini, nikaliweka juu ya kaunta. Kaunta nilikuwa nimetoka kuifuta, kulikuwa na unyevu tu, sio maji ya kuonekana. Nikageuka kuchukua vijiko, nikasikia mlio kama kijiti kinakatika. Nageuka naona mstari mmoja umetembea chini ya bakuli kutoka upande huu mpaka ule, alafu taratibu mchuzi ukaanza kutoka chini unatambaa kwenye kaunta. Lile langu halikulipuka, lilikatika vipande vikubwa vitatu, vyenye makali kama wembe.

Tangu siku hiyo naweka taulo kavu limekunjwa mara mbili, au ubao wa mbao, au wavu wa kupoozea keki, na naandaa KABLA ya kufungua oveni. Mana ukishashika trei ya moto mkononi ndo uanze kutafuta pa kuiweka, utaiweka popote. Na vitambaa vya kushikia navyo viwe vikavu, kilicholowa kinakuunguza wewe na kinaweza kupasua kioo.

kisu_kikali

Haya nakubali maji ni tatizo, ila bado nasema vya zamani ni bora. Kila mtu anajua Pyrex, vile vyombo vya kioo vya kuokea, ya zamani ilikuwa kitu kingine.

fundi_oveni

Hapa kuna ukweli na kuna kuongeza chumvi, nimelifuatilia hili kwa muda.

Kuna kioo kinaitwa borosiliketi, kina boroni ndani yake. Alikigundua Mjerumani Otto Schott mwishoni mwa karne ya 19, kule Jena. Baadaye kampuni ya Corning ya Marekani ikatengeneza cha aina hiyo kwa ajili ya taa za reli, kwasababu taa ikishapata moto alafu inyeshewe na mvua ya baridi kioo cha kawaida kilikuwa kinapasuka. Mnaona? Shida ni ile ile ya mleta uzi, maji ya baridi kwenye kioo cha moto. Sasa mwaka 1913 pale Corning kulikuwa na mwanafizikia Jesse Littleton, mkewe Bessie bakuli lake la kuokea lilikuwa limevunjika, mume akamletea nyumbani vitako vya mitungi ya betri ya kioo hicho vilivyokatwa, mama akaokea keki ndani yake na ikaiva vizuri. Mwaka 1915 Pyrex ikaingia sokoni. Kwahiyo hivi vyombo chanzo chake ni mama mmoja jikoni kwake, mimi huwa napenda sana kulisema hilo.

Borosiliketi inatanuka kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, yaani hiki cha soda na chokaa kinachotengenezea chupa na madirisha. Ikitanuka kidogo, mvutano unakuwa mdogo. Ila baadaye Marekani vyombo vya kuokea vikahamia kwenye kioo cha soda na chokaa kilichokazwa kwa joto. Ulaya borosiliketi imeendelea kutumika kwenye vyombo vya jina hilo hilo. Kwahiyo watu wawili wanaweza kuwa na jina moja chini ya trei na kioo tofauti kabisa.

Mleta uzi

Kilichokazwa kwa joto ndo nini?

fundi_oveni

Ni kama vioo vya pembeni vya gari. Kioo kikishatengenezwa kinapashwa moto sana alafu kinapulizwa hewa kwa haraka, ngozi ya nje inaganda kwanza, ya ndani inapoa baadaye na inapovuta kusinyaa inaibana ngozi ya nje. Kwahiyo ngozi inabaki imekandamizwa muda wote. Mwalimu amesema kioo ni dhaifu kikivutwa, sasa hapa kabla hujakivuta lazima kwanza uushinde huo mkandamizo. Ndo mana ukikigonga kwenye sinki au kikiponyoka kinavumilia kuliko borosiliketi isiyokazwa. Hiyo ni faida ya kweli, watu wengi wanaumia kwa kuangusha vyombo vya kioo kuliko kwa oveni.

Ubaya wake, ile nguvu imefungiwa humo humo ndani. Siku ufa ukipenya ile ngozi ukafika katikati, yote inaachiwa kwa mara moja, ndo ule mlipuko wako mkuu na vipande vidogo vidogo vingi. Ile ya bibi_keki iliyokatika vipande vitatu vikubwa naona haikuwa imekazwa sana, au ilikuwa borosiliketi.

mwl_wa_maabara

Naongeza namba moja. Mwaka 2012 kwenye jarida la American Ceramic Society wataalamu wawili walipiga hesabu ya tofauti ya joto ya ghafla ambayo kioo kinaweza kuhimili. Kwa kioo cha soda na chokaa walipata kama digrii 55, kwa borosiliketi kama 183. Hiyo 55 ni ya kioo chenyewe bila msaada wa kukazwa, kukazwa kunaipandisha, kiasi gani inategemea kimekazwa vipi. Lakini tazameni, kutoka 200 mpaka maji ya bomba ni tofauti ya zaidi ya 170. Hata borosiliketi hapo inakuwa pembeni kabisa mwa shimo. Kwahiyo ndugu kisu_kikali, ya kwako ya zamani ina nafasi kubwa zaidi ya kusamehe makosa, ila sio kwamba haina kikomo.

kisu_kikali

Sawa mwalimu nimeelewa. Na nitajuaje ya kwangu ni aina gani? Niliambiwa jina likiandikwa kwa herufi kubwa ni borosiliketi, kwa herufi ndogo ni ya kawaida.

fundi_oveni

Herufi zisikudanganye, zimebadilika badilika miaka mingi na hazikwenda sambamba na aina ya kioo. Ukitazama ukingo kwa pembeni, cha soda na chokaa mara nyingi kina ukijani au ubluu, borosiliketi ni cheupe zaidi, ila hilo nalo sio kipimo cha kuwekea dhamana macho yako. Njia salama ni kukitumia kama vile ni kile dhaifu. Masharti ya watengenezaji wa aina zote mbili yanafanana karibu yote, soma karatasi inayokuja nacho na maandishi ya chini.

jiko_la_usiku

Samahani naingilia. Mimi huwa naandaa chakula usiku naweka friji au friza kwenye hilo hilo bakuli la kioo, asubuhi nalitoa nalitia moja kwa moja kwenye oveni. Sijawahi kupata shida lakini sasa mnanitisha.

mwl_wa_maabara

Dada acha hilo leo leo. Fikiria bakuli limetoka friza, chakula ndani ni barafu kwenye digrii 18 chini ya sifuri. Nje ya bakuli hewa ya moto inalipasha, ndani barafu linaendelea kulipoza na haliachi kwa nusu saa nzima. Upande wa nje unatanuka, upande wa ndani unabaki umesinyaa na unavutwa. Umeweka ule mvutano tuliousema na umeushikilia. Kilichogandishwa kiyeyuke kabisa kwanza ndani ya friji, usiku kucha, alafu bakuli likae nje mpaka ukiligusa lisiwe la baridi. Kama huna muda, andaa kwenye kioo lakini gandisha kwenye trei ya foili au chombo kingine, ukitaka kupika peleka hicho cha foili kwenye oveni.

bibi_keki

Na jambo la watu wengi: oveni ipashwe kwanza ifike digrii zake NDO uingize kioo.

jiko_la_usiku

Hapo bibi sikuelewi. Si bora niweke kwenye oveni ya baridi, vyote vipande joto pamoja taratibu? Mimi ndo nilidhani hiyo ndo salama.

bibi_keki

Hata mimi niliwahi kufikiri hivo mwanangu, na kwa akili ya kawaida inaingia. Kaa mbele ya oveni yako wakati inapanda uitazame. Koili ya chini, na kwenye oveni nyingi hata ya juu, inawaka nyekundu kabisa haizimi, kwasababu oveni inakimbiza digrii. Kioo kilichoko juu yake kinapigwa na ule mwali moja kwa moja chini wakati ukingo wa juu bado ni wa baridi. Ikishafika, koili zinawaka kidogo zinazima, zinawaka zinazima, na joto linatoka kwenye hewa na kuta pande zote sawa. Ndo mana watengenezaji wengi wanaandika lazima ipashwe kwanza.

fundi_oveni

Bibi amesema kweli, na mimi nashika hizi koili kila siku. Ikiwa inapanda, koili yenyewe inakuwa na joto kubwa mno kuliko namba unayoiona kwenye kitasa. Kwa sababu hiyo hiyo GRILI MARUFUKU kwa kioo. Watu wanamaliza kuoka alafu wanawasha grili dakika tano juu ipate rangi. Chakula kinaufunika mwili wa trei ila ukingo uko wazi, unachomwa peke yake. Ukitaka rangi ya juu, acha trei kwenye joto la kawaida dakika kumi zaidi bila kuifunika, au hamishia kwenye trei ya chuma.

Na jikoni juu kwenye moto wa gesi au sahani ya umeme ndo kabisa usijaribu, hata kuiegesha tu pale juu wakati sahani bado ina moto wa kupikia chai. Nimeitwa nyumba moja kutoa vioo kwenye vichomeo vyote vinne, mtu alikuwa anapasha mchuzi uliobaki. Yale masufuria ya kahawia yanayopita mwanga, ambayo yanakaa kwenye moto, ni kitu kingine, kioo kauri, usichanganye.

kisu_kikali

Hicho kioo kauri na chenyewe kimetokea wapi?

mwl_wa_maabara

Kwa bahati, pale pale Corning. Mwaka 1953 mtafiti Donald Stookey aliweka kipande cha kioo kwenye tanuru alitaka digrii 600, tanuru likapitiliza mpaka 900. Alitegemea akute kimeyeyuka, akakuta ni bamba jeupe, likamponyoka likaanguka sakafuni na halikuvunjika. Ila tusitoke nje ya uzi.

Mleta uzi

Nimesoma yote mpaka hapa, nashukuru sana. Sasa kwa kosa langu, nilitakiwa nifanye nini? Mana nyama kukauka itatokea tena.

bibi_keki

Mambo mawili. Kwanza weka kimiminika mwanzoni. Nyama, kuku, mboga, vyote vinatoa maji vikiiva, na yale maji yakidondoka kwenye kitako kilichokauka na kimeshapata moto ni kama umemimina wewe. Mimina mchuzi au maji kidogo yafunike kitako chote cha trei kabla haijaingia, hata kama ni ya kina cha ukucha tu.

Pili, funika na foili saa ya kwanza, unyevu unabaki humo. Ukikuta imekauka kabisa, usiongeze kitu kwenye kioo. Toa trei, iweke kwenye taulo kavu, nyama ihamishie kwenye sufuria, mchuzi umalizie jikoni. Wengine wanasema ukimimina maji ya moto yaliyochemka ni sawa, mimi sifanyi hata hayo, mana kitako kikavu kinaweza kuwa juu sana kuliko 100.

nyumba_ya_unga

Mimi naomba niulize la keki. Keki zangu kwenye kioo pembeni zinakuwa ngumu na katikati mbichi, kwenye bati zinatoka vizuri. Unga ule ule.

bibi_keki

Kioo kinachelewa kupata moto na kikishapata kinachelewa kuuacha, na ule mwali wa oveni unapenya kwenye kioo mpaka kwenye unga. Punguza kama digrii 15 kwenye ile ya mapishi, yaani 180 iwe 165, na dakika kidogo zaidi, ujaribu na kijiti. Alafu ukitoa usiiache humo sana, kioo kinaendelea kuipika nje ya oveni. Ila usiharakishe kuipoza kwenye maji wala mbele ya feni.

Na mkishamaliza kula, trei isiingie kwenye sinki ikiwa moto hata kama chakula kimeshika vipi. Iache ifike joto la mkono. Hapo ndo uloweke.

jiko_la_usiku

Nina swali la mwisho. Rafiki yangu bakuli lake lilipasuka kabatini, usiku, hakuna aliyeligusa. Watu wakasema mashetani.

fundi_oveni

Hapana dada, ni mkwaruzo. Nimesema nguvu imefungiwa ndani. Akisugua na waya wa chuma, au akikata nyama kwa kisu ndani ya bakuli, au akilipachika ndani ya lingine kwa kulazimisha, michubuko inaingia. Ufa mdogo unaweza kukaa siku nyingi unasogea kidogo kidogo, siku ukifika ndani linaachia, hata kama hakuna joto. Ndo pia jibu kwa mtu anayesema ametumia miaka kumi haikupasuka. Ile ya mwaka wa kumi sio ile ya mwaka wa kwanza.

Sugua kwa sponji laini. Kilichoshika loweka na maji ya uvuguvugu na magadi ya kuokea usiku mzima, kitatoka. Tumia kijiko cha mbao. Ukipanga kabatini weka kitambaa au karatasi kati ya chombo na chombo.

Mleta uzi

Na kwa faida ya atakayepatwa kama mimi, nieleze nilivyosafisha mana mwanzo nilikosea. Nilitaka kutoa vipande mara moja oveni ikiwa bado ya moto, vikawa vinaendelea kukatika vyenyewe. Fanyeni hivi: zima oveni, funga mlango, toa watoto na wanyama jikoni, vaa viatu vyenye soli, subiri ipoe kabisa. Vikubwa vishike na glavu nene, vidogo fagia, alafu futa na karatasi za jikoni zilizoloweshwa, kila ukipitisha tupa, usirudie. Sakafu zima taa umulike na tochi kwa ubavu, utashangaa vinavyong'aa. Mimi nimekuta kimoja ndani ya kiatu cha mtoto kilichokuwa mlangoni. Usisahau chini ya koili na mashimo ya feni ya oveni, kama hufikii muite fundi. Vipande fungia kwenye boksi uandike juu kwamba ni vioo, anayebeba taka naye ana mikono. Na chakula chochote kilichokuwa wazi karibu na hapo kitupwe.

nyumba_ya_unga

Asante kwa hilo la boksi. Umebakiwa na vyombo vingine vya kioo au umeacha kabisa?

Mleta uzi

Sijaacha, navipenda mana chakula unakiona kikiiva na havishiki harufu. Vimebaki viwili. Nimevishusha sasa hivi nikavigeuza juu chini, nikapitisha tochi kwa pembeni kutafuta ile mikwaruzo aliyosema fundi, alafu ukucha polepole kwenye ukingo wote. Cha mduara kiko safi, ukucha unateleza. Cha mstatili kina alama za kisu katikati zimepishana kama wavu, na kwenye pembe moja ukucha umenasa, pamemeguka kidogo kama punje ya mchele. Nimekumbuka ni siku nilikigonga na bomba la sinki nikiosha. Nimekitumia mara nyingi sana tangu siku hiyo. Nimekifunga kwenye gazeti, kinaenda kwenye lile boksi.